Aliye Juu Hanyamazi

"Wewe utalala, mimi nitafanya kazi," alisema Daktari Tajdin. "Ukiamka, mambo yamekwisha."

"Hapo ndipo ninapokataa," alijibu Mughwai kutoka kitandani. "Yaishe mimi sipo?"

Siku nne kabla, alikuwa porini Rungwa akitundika mzinga wa kijiji cha ujamaa, akaanguka kutoka mtini. Pingili moja ya mgongo ilivunjika, na kipande cha mfupa kikakandamiza mshipa wa fahamu. Mguu wa kulia ulikuwa mzima. Wa kushoto ulibakiwa na vidole viwili tu vinavyocheza.

"Nusukaputi ni salama," daktari alisema. "Nikikuchoma ganzi tu, pale pale ninapopasua, utasikia nyundo. Utalala kifudifudi saa mbili. Ukijitikisa, kisu kinaweza kukata mshipa."

"Na nikiwa usingizini, ukigusa mshipa, nani atakwambia?"

"Hakuna," daktari akakiri. "Nitategemea macho yangu."

"Kaka, msikilize daktari," Paskali alisema. Huyu ndugu yake mdogo ndiye aliyeshika kamba chini ya mti siku ile. "Lala tu. Umeumia vya kutosha."

"Wewe hasa unaniambia ninyamaze?"

Paskali akainamisha kichwa. Warina asali wa kwao wana desturi moja: aliye juu hanyamazi. Kila tawi analofika anapiga kelele, "Nipo!", na aliye chini anaitika, kisha anakaza au kulegeza kamba kwa sauti hiyo. Siku ile walikuwa wamegombana njiani, nani alisahau kibuyu cha maji. Mughwai akapanda amenuna, mdomo umefungwa. Paskali alipokosa sauti akadhani kaka yake ameshakaa tawini, akalegeza.

"Nilinyamaza mara moja," Mughwai alisema, "na malipo yake ndiyo haya. Sinyamazi tena. Si kwako, si kwa daktari, wala kwa hiyo dawa yenu."

"Ndugu Mughwai, utaumia."

"Nyuki wameniuma miaka ishirini, sikuwahi kuomba nilazwe kwanza."

Daktari alicheka bila kutaka. Kisha akamwambia muuguzi aandae ganzi. "Na huyu Paskali anawe, avae joho. Atakaa miguuni."

Nyundo ilipoanza, Mughwai aliuma taulo, jasho likamtiririka puani.

"Upo?" daktari aliuliza.

"Nipo!"

"Upo?"

"Nipo! Fanya kazi, acha porojo!"

Paskali alishika nyayo za kaka yake kwa mikono miwili, kama kamba. Kibanio cha daktari kilikuwa kimekamata kipande cha mfupa, kinaanza kuvuta.

"Moto!" Mughwai alipaza sauti. "Mguu wa kushoto, moto mpaka kisiginoni! Simama!"

Mkono wa daktari ukasimama. Akainama, akaangalia tena. Uzi mweupe wa mshipa ulikuwa umenaswa nyuma ya mfupa, mahali macho yake hayakufika. Akaulegeza taratibu, akageuza kibanio, akavuta upande wa pili.

"Sasa?"

"Umepoa. Nipo."

Kipande kikalia kwenye bakuli. Sindano ikaanza kushona.

"Kaka," Paskali alinong'ona, "jaribu vidole."

Viwili vikacheza. Halafu, kwa shida, kama kinaamshwa kwa lazima, kikacheza cha tatu.

"Cha tatu! Daktari, cha tatu!"

Daktari Tajdin hakuweza kusema kitu.

"Daktari!" Mughwai alifoka, uso ungali kwenye mto wa kulalia. "Mbona kimya? Na aliye chini huitika!"