Ubao Wenye Kina cha Mkono

Fundi alikuwa akiusugua ubao kwa mswaki mkuukuu ili kutoa masizi, na simba aliyejitokeza chini ya masizi hayo alifanana na mkate uliokaliwa. Simba aliyemtangulia alitoboka tumboni. Aliyemtangulia huyo alipinda shingo kwa sababu ubao wenyewe ulijikunja kwa joto.

Kaka yake alimtazama simba huyo kwa heshima anayopewa maiti. Mtaa mzima ulimwita Mkurugenzi, kwa kuwa alichapisha kadi za biashara kabla ya kuwa na biashara.

"Huyu atauzika?" aliuliza.

"Labda kwa kipofu, tena asimguse."

Mashine ya leza ilikuwa imekaa mezani tangu mvua zianze na haijarudisha hata gharama ya umeme wake. Kuandika majina kwenye vibao vya milangoni ilikuwa kazi ya kila mtu mwenye mashine, na wenye mashine walikuwa wengi. Mkurugenzi alitaka picha zenye kina, nyuso zinazotoka kwenye ubao kana kwamba zinachungulia dirishani. Kueleza kazi yenyewe ni rahisi. Unaipa mashine picha ya kijivu. Palipo peupe inapaacha, palipo peusi inapachimba, na kadiri weusi unavyokolea ndivyo mwale unavyozama. Taabu ilikuwa kwenye mti. Mbao za bei rahisi walizonunua zilikuwa na mistari, mmoja laini na mmoja mgumu, na mwale uliula ule laini na kuuruka ule mgumu, kama mtoto anayekula nyama na kuacha mboga.

"Tunahitaji msaji, mti ulio mgumu kotekote," alisema Fundi. "Lakini msaji ukiununua, faida unamwachia muuza mbao."

Mkurugenzi alisema hilo amwachie yeye. Juma lililofuata lori lilishusha mbao za msaji, nzito, nyofu, zenye rangi ya asali, na hakukuwa na risiti.

"Za wapi hizi, Kaka?"

"Za upepo."

Fundi alielewa. Shangazi yao, dada wa marehemu baba yao, alipanda misaji saba nyuma ya nyumba yake mwaka alioachwa na mumewe, akisema waume hawa wapya angalau hawataondoka usiku. Miti hiyo ndiyo ilikuwa paa lake la baadaye. Aliishi chini ya mabati yaliyotoboka, akitega masufuria, akingoja misaji inenepe apate kuiuza na kuezeka upya. Kisha akavunjika mguu akalazwa, na wakati amelazwa upepo ukaiangusha miti yote. Habari hiyo aliletewa na Mkurugenzi mwenyewe, pamoja na machungwa. Ulikuwa upepo wenye adabu, kwa sababu kamba ya nguo iliyofungwa kwenye miti hiyo uliifungua, ukaizungusha vizuri na kuiweka barazani.

Fundi akaanza kuzipanga ukutani. Mbao zilikuwa nzuri mno.

Mwenye duka la viatu alikuwa ameagiza waridi kwa ajili ya mkewe. Fundi aliupiga msasa ubao wa kwanza wa msaji, akaubana mezani, akaiweka picha ya waridi na kuwasha mashine. Mwale ulikwenda na kurudi tangu chai hadi chakula cha mchana. Aliposugua masizi, hakuona waridi. Aliona kisogo cha mwanamke aliyefunga kitambaa, na fundo la kitambaa lilikuwa na ncha mbili, moja ndefu kuliko nyingine. Aliangalia kwenye kompyuta. Waridi lilikuwa palepale, na umande wake. Akachukua ubao mwingine akarudia. Kisogo kilekile kilitokea, ila safari hii kilikuwa kimegeuka kidogo na sikio lilionekana.

"Nani kakwambia umchonge Shangazi?" aliuliza Mkurugenzi.

"Sikumchonga. Ni mbao."

"Basi ziambie mbao kwamba mteja kaomba waridi."

Mwenye duka la viatu alipokuja, alipitisha kidole kwenye mikunjo ya kitambaa, uzi mmoja mmoja. Kisha akasema waridi hata kwenye karatasi za sabuni yapo, lakini kitu kama hiki hajakiona. Alichukua mbao zote mbili na hakuomba kupunguziwa, jambo ambalo katika mtaa ule lilihesabiwa kuwa la ajabu kuliko mengine yote.

Maagizo yakaja. Watu waliomba farasi, nembo za kampuni, picha za watoto wao waliohitimu. Wote walipata Shangazi, na wote waliridhika. Katika kila ubao alikuwa amegeuka zaidi kidogo kuliko katika uliotangulia. Shavu likaja, kisha pembe ya jicho. Kina nacho kiliongezeka. Ubao wenyewe haukuzidi unene wa vidole viwili, lakini mtu aliweza kupitisha mkono pembeni ya shingo ya Shangazi hadi kwenye kiwiko, na huko ndani palikuwa na ubaridi na harufu ya unga wa mbao mbichi. Mteja mmoja alipoteza saa. Mkurugenzi akaagiza kibandikwe kibao: USIINGIZE MKONO KABLA YA KULIPA.

Fundi alilala kwenye godoro jipya na hakupata usingizi. Asubuhi moja alichukua tochi akamulika ndani ya ubao. Nyuma ya Shangazi, mahali palipokuwa na giza, palikuwa na visiki. Alivihesabu. Vilikuwa saba, na kila kimoja kilikatwa sawasawa kama kipande cha jibini, vumbi la msumeno likiwa bado bichi pembeni. Alimwita kaka yake akampa tochi.

Mkurugenzi alitazama kwa makini.

"Vinaonekana vizuri," alisema. "Ukiongeza mwanga kidogo vitapendeza zaidi. Visiki vinaongeza kina."

"Kaka, upepo haukati kwa msumeno."

"Nani kasema unakata?"

"Wewe ulimwambia Shangazi ni upepo. Mwambie kweli kabla hajamaliza kugeuka. Tumwezekee nyumba, yaishe. Fedha zipo."

"Tutamwezekea. Faida ikikaa sawa."

"Itakaa lini?"

"Mdogo wangu, faida ni kama mgeni. Ukiisemesha sana inaondoka."

Fundi alirudi kwenye mashine. Angeweza kwenda kwa Shangazi mwenyewe. Nyumba haikuwa mbali. Lakini ilikuwa mara yake ya kwanza kuwa na kazi inayoitwa kazi, mara ya kwanza watu wazima kumwita Fundi bila kucheka, na mbao zilizobaki zilikuwa zimepangwa ukutani hadi darini. Akajiambia atakwenda baada ya oda ya hoteli. Kisha ikaja oda ya shule.

Shangazi alikuja mwenyewe, akiegemea gongo, siku ambayo ubao uliokuwa mezani ulimwonyesha akiwa amegeuka kabisa, uso kwa uso. Alisema alikwenda kumjulia hali jirani, akajikuta ukutani juu ya televisheni, amekaa upande.

"Shikamoo, Shangazi," walisema wote wawili.

"Marahaba. Hamjambo, wanangu?" Alikaa kwenye kigoda akaunyoosha mguu mbaya. Aliutazama ubao, naye aliyekuwa kwenye ubao akamtazama. Walifanana, ila wa kwenye ubao alikuwa hajapewa kiti. Shangazi aliingiza mkono, akapapasa nyuma kabisa, akaugusa uso wa kisiki na kuupitishia kidole kutoka ukingo hadi ukingo.

"Huu mkato wa msumeno," alisema. "Tena msumeno uliotiwa makali."

Mkurugenzi alikohoa. Alisema siku hizi kuna upepo wa kila namna. Alisema pia kwamba Shangazi ameletea familia heshima, kwamba uso wake sasa uko kwenye hoteli, na kwamba watu wengine hulipa ili uso wao utundikwe mahali kama hapo.

"Mimi nilitaka bati," alisema Shangazi.

"Bati lipo njiani, Shangazi."

"Linakuja kwa miguu?"

Hakuna aliyecheka. Shangazi alimgeukia Fundi.

"Na wewe, mwanangu? Wewe ndiye unayewasha hiyo mashine. Ulijua?"

Fundi alikuwa ameshika mswaki. Alitazama masizi yaliyokwama kwenye kope za Shangazi wa ubaoni akayatoa, taratibu, moja baada ya jingine, na alipomaliza swali lilikuwa limeshapoa.

Shangazi akasema basi, anautaka ubao huo. Miti yenyewe haipo, atatundika hiki kilichobaki. Mkurugenzi alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu Shangazi aingie. Alisema hata mteja akija na gunia la noti, huu ni wa Shangazi, na atampa kwa bei ya ndugu. Alitaja bei ya ndugu. Haikuwa mbaya, wateja walilipa mara mbili yake.

Shangazi alifungua fundo kwenye pindo la khanga yake na kutoa noti zilizokunjwa hadi zikawa ndogo kama vidonge. Wa kupokea fedha pale dukani alikuwa Fundi. Alizipokea. Alizinyoosha kwenye meza, akarudisha chenji, akaufunga ubao kwa gazeti na kamba, akaacha kitanzi cha kushikia kwa sababu Shangazi alikuwa na mkono mmoja tu usio na gongo. Shangazi aliihesabu chenji, akashukuru, akaondoka.

Mchana huo Fundi alibana ubao mpya. Mteja, mkuu wa benki, alikuwa ameagiza tai aliyekunjua mbawa. Masizi yalipotoka, visiki vilikuwepo, saba, vikiwa mbele sasa, wazi, vinaguswa bila kuingiza mkono. Mbali nyuma ya visiki hivyo alionekana mwanamke mwenye gongo akienda zake, amebeba ubao kwapani, mdogo kama punje ya mchele.

Mkurugenzi aliinama akapima umbali huo kwa rula, ikaisha bila kumfikia. Akaongeza fimbo ya pazia, nayo ikaisha.

"Hiki kina hatujawahi kukipata," alisema, na akapandisha bei.