Barua ya Tabia Njema

Mwaka ule wa sabini na nne, Handeni hukupata kitu bila barua ya chama. Hata kwenda Dindira kumwuguza bibi yako, uliulizwa barua iko wapi. Kwa hiyo Swaumu aliposikia kwamba mwanawe wa pekee, Muhidini, amefungwa na wanajeshi kule Yemeni, hakulia kwanza. Alijifunga khanga akaenda kwa Mhina, katibu wa tawi.

Muhidini alikuwa ameifuata nchi ya marehemu baba yake, Mwarabu aliyekuwa na kiduka pale Chanika. Aliondoka mwaka wa sabini, vita vya huko vilipotulia, mara tu baada ya kupiga kura yake ya kwanza hapa kwetu, kwenye ile karatasi yenye alama za wagombea, jembe na nyumba. Huko akawa mwalimu. Haukupita muda akaandika: "Mama, hata huku sasa kuna baraza, nasi tumepiga kura, ingawa hakuna jembe wala nyumba." Swaumu alitembea na barua ile kutwa nzima akiwasimamisha watu wenye haraka zao. Furaha yenyewe haikudumu hata miaka minne. Wanajeshi wakaitwaa nchi, baraza likafungwa, na Muhidini, ambaye mdomo wake haujawahi kuwa na kitasa, akauliza mbele ya watu kura itarudi lini. Rafiki yake ndiye aliyeleta habari: amefungwa, lakini wenye wa kuwadhamini wanaachiwa mmoja mmoja.

"Basi tutamdhamini, dada," alisema Mhina. Alikuwa mtoto wa mama mdogo wa Swaumu, mtu mwema, na aliandika kwa moyo wake wote: Muhidini ni mwanachama hai wa TANU, kijana wa tabia njema, mjamaa wa kweli, adui wa makabaila na wanyonyaji popote walipo. Akapiga mhuri mara mbili. "Nimempamba kama bwana harusi."

Barua ilihitaji Kiarabu. Swaumu akapanda basi hadi Korogwe, kwa Mzee Awadhi mwenye duka, aliyejuana na marehemu mumewe. Mzee aliisoma, akavua miwani.

"Bi Swaumu, tuseme ni mwalimu, anaswali, mama yake ni mjane. Hili neno mjamaa tuliache. Wakubwa wa sasa kule wanawawinda wajamaa; ndilo neno wanalolitafuta."

"Lina mhuri, Mzee Awadhi."

"Mhuri wa hapa, mama."

Swaumu akatazama rafu za duka. Juma lile lile, mkutanoni, alikuwa amepiga kelele pamoja na wenzake kwamba wenye maduka ni kupe. "Najua kwa nini wewe hulipendi neno hilo," alisema.

Mzee alivaa tena miwani. Angefanyaje? Neno moja la mwanamke huyu kwa Mhina, na duka lake lingekuwa mali ya ushirika kabla ya Ijumaa. Aliandika kila neno kama lilivyokuwa.

Miezi mitano ilipita. Swaumu alihamishiwa kijiji cha ujamaa pamoja na wenzake, na nyumba yake mpya akaiongezea chumba cha Muhidini, akakikandika udongo kwa mikono yake mwenyewe. Alikuwa anakifagia Mzee Awadhi alipofika na jibu, amelileta mwenyewe kutoka Korogwe.

"Nisomee," alisema Swaumu.

Rafiki yake Muhidini aliandika kwamba jina la Muhidini lilikuwamo kwenye orodha ya watakaotoka kabla ya Idi. Kisha ile barua ya Mhina ikafika, ikasomwa kwa sauti. Wenzake wote wametoka. Yeye amehamishiwa kwa wale wanaongoja kunyongwa. Njia imebaki moja: ije barua nyingine upesi, ofisi ile ile, mhuri ule ule, iseme si mjamaa na hajawahi kuwa.

Swaumu alipiga ukelele uliowatoa majirani ndani. "Ni mimi! Nimemwua mwanangu kwa mkono wangu!" Mzee Awadhi angeweza kusema nilikwambia. Akaikunja barua tu.

Maji yakimwagika hayazoleki, lakini mama atayazoa hata na tope lake. Alikimbia hadi ofisini, akamweleza Mhina akiwa amepiga magoti. Mhina alichukua karatasi, akaanza kuandika, akasita. Akaenda kufunga mlango.

"Dada, nipige mhuri wa chama kwamba mtu wetu si mjamaa? Wilayani wakijua, wataanza na mimi, wamalizie na wewe."

"Ni mwanao, Mhina."

"Ni mwanangu." Machozi yalikuwa yakimtoka. "Nitaandika ni mwalimu mzuri. Nitaandika chochote. Neno lile siwezi kumvua."

"Ndilo linalomnyonga!"

Mhina aliutia mhuri sandukuni, akageuza ufunguo, akakaa ameshika kichwa. Swaumu alimtazama mpaka alipoelewa kwamba hatautoa mhuri tena. Akaichukua ile karatasi mezani, akatoka nayo.

Mzee Awadhi alikuwa akingoja juani. "Amepiga mhuri?"

Swaumu alimpa. Juu ya karatasi nzima palikuwa na maneno mawili tu aliyoyaanza Mhina, bila mhuri: Muhidini si.

"Wapelekee hiyo hiyo," alisema.