Mtathmini Kwenye Makumbusho

Siku hiyo nilivaa shati la kitenge kwa makusudi, ili kina mama wa kikundi cha ushonaji waone kwamba mtathmini huyu si kama wale wanaokuja na vipimo vilivyokatwa ng'ambo. Shati lenyewe lilishonwa ng'ambo, ila nilidhani hilo halionekani.

"Kola imepinda," alisema shangazi yangu, mweka hazina wa kikundi, kabla sijaketi.

Nikawaeleza, kwa maneno mengi kuliko haja, kwamba leo hakuna madodoso. Turuke miaka sitini mbele, na tukiwa huko waseme wenyewe mradi huu wa cherehani mpya tulizowapa ulifaa nini.

"Adhabu ya kaburi aijuaye maiti," nilimalizia, nikijiona mtu wa jadi kwelikweli.

"Maiti ndio sisi?" aliuliza mwenyekiti.

Hata hivyo waliruka. Mwenyekiti akasimama. "Tumefika! Wajukuu zetu wanashona mavazi ya kwendea mwezini. Hapa ni makumbusho yao, na hiki," akaninyooshea futi ya kupimia, "ni kitu cha kale. Kiliitwa mtathmini."

Wakanipandisha juu ya stuli.

"Kilikula nini?" akauliza mmoja.

"Posho," akajibu shangazi.

"Kilipima nini?"

Nikakohoa. "Idadi ya cherehani zilizo katika hali nzuri."

Kicheko kikakatika.

"Ndiyo maana tumezifungia stoo, mwanangu," alisema shangazi. "Zikitumika zitachakaa, zikichakaa mtatuandika vibaya. Tunashonea zile mbovu zetu."

Asubuhi hiyohiyo nilikuwa nimezipiga picha, nikizisifu zinavyong'aa. Pale juu ya stuli sikujua niweke wapi mikono.

"Sasa kipimo kiwe nini?" nikauliza.

Walibishana hadi chai ikapoa. Mwishowe wakakubaliana: cherehani iliyochakaa kwa kazi ni sifa, si aibu, na nguo ikidumu hadi mtoto amrithishe mdogo wake, mradi umefaulu.

Niliandika vivyo hivyo. Mkuu wangu ofisini alisoma. "Nzuri. Lakini huu uchakavu ni asilimia ngapi?"

Nilibisha, nikashindwa nusu: asilimia ikawekwa kwenye kiambatisho, stoo ikafunguliwa.

Mwezi uliofuata niliwatembelea. Cherehani zilikuwa zimejaa mafuta na manyuzinyuzi, zikinguruma chumba kizima. Nikapiga hodi, nikapiga tena. Hakuna aliyesikia. Nikakaa kwenye ngazi, nikingoja anione mtu.