Usimpite Mama

Ukitaka mama yangu arudi nyumbani salama, usimpite. Sheria hiyo niligundua mwenyewe, hakuna daktari aliyenifundisha. Ukimpita, atakufukuza. Ukimsogelea mno kwa nyuma, akasikia pumzi zako, ataongeza mwendo mpaka uogope ataanguka. Kaa mbali kidogo, uone mgongo wake, naye asikie nyayo zako kwa mbali tu. Hapo atakimbia vizuri, atauzunguka msitu wote, atafika mlangoni, atavua viatu na kuniuliza mimi ni mgeni wa nani.

Zamani alikuwa mkimbiaji wa timu ya kiwanda cha nguo, mbio za nyika, na njia ya mazoezi ilikuwa hiyohiyo. Unaingilia kwenye misonobari iliyopandwa kwa mistari, unashuka hadi kijito, unapanda kwenye miti ya asili, mikubwa kwa midogo, kila mmoja umeota ulikotaka, kisha unatokea kwenye mikaratusi nyuma ya nyumba zetu. Ugonjwa wa kusahau ulipomwingia ulianza na majina yetu. Ukaja jikoni, akawa anabandika sukari motoni na kufungia sufuria kabatini. Ile njia haukuigusa. Kila alfajiri anaamka, anafunga kamba za viatu mafundo mawilimawili, anatoka. Na mimi nyuma.

"Leo yule wa nyuma hana kitu," aliniambia siku moja nikimwosha miguu. "Nimemwacha kwenye kilima."

"Yupi huyo, mama?"

"Kuna kisichana. Kinavumilia, siwezi kusema uongo. Lakini wepesi hakina."

Nilicheka peke yangu mpaka maji yakapoa. Tangu augue sikuwahi kusifiwa zaidi ya hapo.

Nikitoka huko nakwenda kwa dobi kupiga pasi, kusimama kutwa. Tajiri wangu alikuwa akiniona tu anasema, "Mwenzetu anakuja kazini ameshalowa, pasi yenyewe bado baridi." Jumamosi ndiyo ilikuwa na vituko, maana wakimbiaji wa mjini walikuja kwa makundi, saa zao zinalia mkononi kama vifaranga.

"Bibi, kaa pembeni tusikuangushe!" alipiga kelele mmoja wao.

Mama akaongeza mwendo. Walipofika kilimani, yeye alikuwa juu na wao wameshika viuno.

"Huyu bibi anakula nini?" akaniuliza yule mpiga kelele nilipomfikia.

"Hata yeye ukimuuliza hajui," nikamwambia, nikaendelea.

Kwa hiyo sitasema tulikuwa na shida kila siku. Shida ilikuja wiki niliyoshikwa na homa. Mama alitoka peke yake, na kwenye kijito akakuta maji yamejaa. Badala ya kurudi alifuata ukingo mpaka akatokea barabara ya malori. Walimkuta anakimbia katikati, madereva wanapiga honi, yeye anawapungia mkono kana kwamba ni watazamaji wa mbio.

Kaka yangu ni fundi wa kuchomelea mageti. Jioni ile alikuja na futi yake ya chuma, hata hakukaa.

"Kaka, unapima nini?"

"Mlango."

"Mama si kuku wa kufungiwa."

"Kuku akigongwa na lori tunanunua mwingine." Akaikunja futi, akaitia mfukoni. "Sikia, mdogo wangu. Akipotea tena mara moja tu, naweka geti. Siku hiyo usije ukanililia."

Sikumlaumu, na bado simlaumu. Lakini nilijua kitu ambacho yeye hakukiona kwa kuwa yuko gereji kutwa. Mama akiwa ndani ni mtu anayetafuta kitu asichokijua, anafunua mito, anafungua madebe, analia. Akiwa njiani hatafuti kitu. Wakimnyima njia ile, hakuna kingine kitakachobaki cha kumwita mama.

Halafu Filimbi akanisimamisha. Ni mlinzi wa msitu, tunamwita hivyo kwa sababu ya ile filimbi anayowapulizia wezi wa kuni.

"Dada, mwambie mama yako atafute pengine. Wiki ijayo misonobari inaangushwa."

"Mingapi?"

"Yote. Imeiva. Misonobari ni shamba, kama mahindi tu. Ile ya asili inabaki."

"Si waache ile iliyo kando ya njia? Hata mistari miwili?"

Alinitazama kwa huruma, akaishika filimbi kifuani. "Mimi nimepewa hii. Msumeno sikupewa."

Nikawaza siku nzima juu ya meza ya pasi, hadi nikaunguza kola ya mtu. Njia mpya ilikuwepo. Ungeweza kuanzia kwenye mikaratusi, ukaingia moja kwa moja kwenye miti ya asili, ukazunguka, ukarudi bila kugusa misonobari wala kijito. Tatizo, utamfundishaje mtu ambaye ukimwonyesha choo asubuhi, mchana kimehama? Kilichobaki kwake kilikuwa kimoja, kumfukuza aliyempita. Basi nikaamua kuivunja sheria yangu mwenyewe. Nitangulie mimi, anifukuze, nimpitishe njia mpya leo na kesho na keshokutwa, mpaka miguu yake iishike hata kama kichwa kimekataa. Kaka sikumwambia.

Alfajiri iliyofuata mama alipofungua mlango wa nyuma alinikuta nimesimama mbele yake, kwenye mkaratusi wa kwanza. Nikaanza kukimbia.

"We!" alifoka. "We binti!"

Akaja. Hata hakugeuka kutazama njia yake ya zamani. Moyo wangu ukaruka kwa furaha, nikaingia chini ya miti ya asili naye yuko nyuma yangu. Kule kwenye misonobari ardhi ni laini, mtu anaweza kukufikia usimsikie. Huku majani makavu yanasema kila hatua. Nilimsikia akikaribia. Nilikuwa nimepiga hesabu kwamba mimi ni kijana na yeye ni mzee, kwa hiyo nitabaki mbele nikitaka. Nilisahau kwamba kazi yangu ni kusimama na yake ilikuwa kukimbia.

Tukawa bega kwa bega. Akanitazama usoni, vizuri, kama alivyokuwa akinitazama zamani kabla sijaenda shule, anahakikisha nimenawa.

"Legeza mabega, binti. Unakimbia kama umebeba ndoo."

Nikalegeza.

"Hivyo. Mikono isivuke kifua. Hivyohivyo."

Jamani, sikumbuki mara ya mwisho alinifundisha kitu. Tuliruka mizizi pamoja, tukainama chini ya tawi pamoja, jua likawa linapenya kwa vipande na kutupaka wote wawili, na mimi nikasahau nilichokuja kufanya. Nikasahau kabisa. Ndipo akanipita.

Alikwenda zake. Mbele yake sasa hakukuwa na mtu wa kumfukuza, wala hakukuwa na njia anayoijua. Mahali pale njia zinagawanyika hovyo, nyingine ni za watu wa kuni, nyingine za wanyama, zinafika kwenye kichaka zinaishia. Nikamwita, "Mama!" Akaongeza mwendo. Kwake ilikuwa sauti ya mtu anayetaka kumshinda. Kila nilivyomwita ndivyo nilivyomfukuza, kwa hiyo nikafunga mdomo, nikakimbia kwa nguvu zangu zote, hadi nikabaki nasikia majani ninayoyakanyaga mimi tu.

Filimbi ndiye aliyempata, jua limeshapinda. Alikuwa kwenye korongo, amekaa kwenye tope, kifundo cha mguu kimevunjika na kuvimba kama kiazi. Hakuwa analia. Kaka, aliyeitwa kutoka gereji, alishuka, akambeba mgongoni, akapanda naye bila kunitupia jicho. Nikawafuata. Tulipofika kwenye mikaratusi mama akamgonga begani.

"Nimekuwa wa ngapi?"

Kaka akamweka vizuri mgongoni. "Wa kwanza, mama. Wengine bado hawajafika."

Geti alilileta mwenyewe, hakutuma vijana wake. Mimi nilimshikia nondo, uso nimegeuza pembeni kwa ajili ya cheche. Lilikuwa geti zuri. Alisugua kila ncha kwa msasa, mama asije akakwaruzwa vidole. Hatukubishana. Nilikuwa nimejitayarishia maneno mengi tangu ile siku ya futi, lakini yote yalihusu mtu ambaye bado hajapotea.

Majirani walinipongeza, "Sasa na wewe utapata usingizi." Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Mguu ulipona vibaya, lakini ulipona. Asubuhi ya kwanza aliyoweza kusimama, mama alifunga viatu, akachechemea hadi getini, akashika nondo, akainama kidogo, goti moja mbele. Nje malori yalikuwa yanapita na magogo, harufu ya utomvu imejaa hadi chumbani. Kaka alichungulia akienda kazini.

"Mwamuzi," mama akamwita kwa adabu, "tunaanza saa ngapi?"

Kaka alinitazama mimi. Mimi nikatazama chini.

"Bado kidogo, mama."

Ikawa ndiyo salamu yao. Mama anauliza, kaka anajibu, mama anatikisa kichwa kama mtu aliyezoea waandaaji wasiojua kazi. Nilimpelekea kiti, akakisukuma. Miguu ilivimba kwa kusimama. Siku moja nilishindwa, nikamwambia kaka anipe ufunguo nimtoe. Nilidhani atakataa. Aliuchomoa kwenye shada lake, akauweka kiganjani mwangu.

"Mtoe," akasema, bila ukali. "Umpeleke wapi?"

Kule kulikokuwa na misonobari kumebaki visiki na maganda, jua linapiga hadi kijitoni. Kwa mguu ule, miti ya asili na mizizi yake asingeipita hata kwa kutembea. Nilisimama na ule ufunguo hadi ukapata joto, kisha nikautundika kwenye msumari. Upo hapo.

Leo asubuhi nimemkuta amekaa kwenye kiti. Viatu amevaa, kamba zimelegea. Nilipoinama kuzifunga aliniinulia mguu bila kunitazama, akaninyooshea na wa pili.

Kaka alifika nje ya geti akasimama. Alingoja aulizwe. Alikohoa kidogo, akangoja tena.

"Bado kidogo, mama," akasema mwenyewe.

Mama hakugeuka. Nikachukua mfuko wangu, nikaenda kupiga pasi.