Barua Sitini na Mbili

Kwa miaka ishirini na miwili Mektrida alikuwa karani wa chuo kidogo cha ufundi huko Kilema, na alijivunia kwamba hakuna mtu aliyewahi kumfundisha kazi. Alianza na taipureta. Kompyuta ilipoletwa aliizoea peke yake, mlango ukiwa umefungwa. Sista Winfrida, mkuu wa chuo, alipotaka kumpeleka Moshi kwenye semina ya siku mbili, Mektrida alijibu kwamba semina hizo ni za watoto wanaoanza kazi.

Ndiyo maana programu ya barua pepe ilipoanza kujifunga, hakumwambia mtu.

Ilikuwa Juni, siku chache baada ya mahafali. Alikuwa amepachika picha arobaini na moja kwenye barua moja ya marafiki wa chuo walioko Ujerumani, akabofya kutuma, akaenda kunywa chai. Aliporudi, programu ilikuwa imeganda. Aliifungua upya, ikaleta barua tatu mpya, ikaganda tena, ikajifunga yenyewe. Ikawa hivyo kila siku. Barua za watu ziliingia katika sekunde zile chache, akazisoma. Kwa kujibu aligundua ujanja wake: akichomoa waya wa intaneti, programu ilitulia. Aliandika taratibu, akabofya kutuma, na barua ikaondoka mbele ya macho yake. Akirudisha waya programu ilijifunga, lakini barua si imeshaondoka? Ndivyo alivyojiambia. Pembeni mwa dirisha la programu kulikuwa na namba ndogo iliyokua kila wiki. Aliiona. Hakutaka kujua maana yake.

Julai akaja Basili, mkulima wa kahawa wa kijiji cha juu. Binti yake, Violet, alikuwa amemaliza akiwa wa kwanza katika darasa lake, na chuo kilikuwa kinamwombea nafasi ya ufadhili ya kusomea usindikaji wa maziwa huko Iringa. Maombi yalipaswa kutumwa na chuo chenyewe, kwa barua pepe.

"Barua ilitoka tarehe tatu, Baba Violet," Mektrida alimwambia. "Tusubiri."

Alikuja mara ya pili, akajibiwa vilevile. Mara ya tatu ilikuwa katikati ya Agosti. Asubuhi hiyo programu ilikuwa imejifunga mara sita, na wazazi wawili walikuwa kwenye benchi wakimtazama Mektrida akihangaika.

"Mimi kazi yangu nimefanya," alisema, bila kuinua macho. "Kama hawajajibu, basi wameyaona matokeo yake hayatoshi. Kamwulize binti yako vizuri."

Basili alisimama kidogo, akavaa kofia yake, akasema asante, akatoka.

Mwezi uliofuata Sista alipigiwa simu na wale marafiki wa Ujerumani wakiuliza kwa nini chuo kimenyamaza miezi mitatu. Kesho yake alimwita fundi kutoka Moshi, mwanamke wa miaka arobaini hivi aitwaye Elifuraha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Elifuraha alikaa mbele ya kompyuta. "Inajifunga ukifanya nini?"

"Yenyewe tu."

"Tangu lini?"

"Juzijuzi."

Fundi alifungua programu, akaiangalia ikianguka, akaifungua tena. Kisha akachomoa waya, na Mektrida akahisi uso unamwaka moto, kana kwamba mtu ameingia chumbani kwake bila hodi. Programu ilitulia. Elifuraha akabofya pale penye ile namba ndogo.

"Mama, kuna barua sitini na tatu hapa ambazo hazijatoka."

"Zimetoka. Nimezituma mwenyewe."

"Zilitoka kwenye ukurasa wako, zikaja kusubiri hapa. Hii ya kwanza ina picha, ni nzito mno. Kila ukirudisha waya programu inajaribu kuisukuma, inashindwa, inaanguka. Nyingine zimepanga foleni nyuma yake." Akaibofya. "Hii ya picha ni ya tarehe kumi na mbili Juni."

Aliitaja tarehe hiyo akiwa ameelekeza macho kwenye kioo, hakumgeukia Mektrida. Mektrida aliona ingekuwa afadhali kama angemcheka.

Fundi aliiondoa barua ya picha. "Imepona. Sasa nikirudisha waya, hizi sitini na mbili zitatoka zote kwa mpigo."

Mektrida alivuta kiti karibu, akasoma orodha kutoka juu hadi chini. Barua za Ujerumani. Barua za wilaya. Tarehe tatu Julai: maombi ya Violet Basili. Mwisho wa kupokea maombi ulikuwa tarehe thelathini na moja ya mwezi huohuo.

"Zinaweza kufutwa?" aliuliza.

Aliisikia sauti yake mwenyewe ikiuliza. Elifuraha aliondoa mikono kwenye kibodi, akaiweka mapajani.

"Zinaweza, mama. Mimi nimeitwa kutengeneza programu. Sikuitwa kusoma barua."

Kutoka karakana ya useremala ilisikika randa ikipita kwenye ubao. Sista alikuwa kwenye kikao, hajaona chochote. Kuzifuta kungechukua muda mfupi kuliko kufunga dirisha. Mektrida alikaa hivyo mpaka aibu ya kuuliza ikawa kubwa kuliko aibu ya kugundulika.

"Ziache kama zilivyo," alisema. Akainuka kwenda kumgongea Sista mlango.

Sista Winfrida alimsikiliza mpaka mwisho. Hapohapo alipiga simu Iringa. Nafasi zote zilikuwa zimeshajaa. Walikubali kupokea maombi ya Violet kwa awamu ya Januari, ila bila kuahidi.

"Nimesikia kwa wazazi kwamba Basili aliambiwa binti yake hatoshi. Nani alimwambia?" Sista aliuliza baada ya kukata simu.

"Ni mimi, Sista."

"Basi na hili aambiwe na mtu huyohuyo."

Mektrida alipanda kijijini kwa miguu alasiri hiyo. Alimkuta Basili kihambani, shamba lake la nyumbani, kati ya migomba na nyumba, akigeuza kahawa iliyoanikwa juu ya wavu.

"Tumsifu Yesu Kristu."

"Milele, amina. Karibu, Mama Julius."

Mektrida alisema yote akiwa amesimama. Basili aliendelea kugeuza kahawa, kisha akaacha.

"Kwa hiyo hata hawakuliona jina lake."

"Hawakuliona."

"Violet yuko Kahe," alisema. "Anapalilia vitunguu kwenye mashamba ya watu. Hakuweza kukaa hapa. Watu walikuwa wamejaa hapa wakinywa mbege, nikamwita mwongo mbele yao wote. Nikasema cheti chake amekipata kwa kudanganya."

"Naomba unisamehe, Baba Violet."

"Mimi usiniombe bado. Nenda kwake kwanza."

Asubuhi iliyofuata Mektrida alishuka Kahe. Alielekezwa kwenye majaruba karibu na mfereji, akamkuta Violet ameinama na jembe dogo, kanga kichwani. Msichana alimwamkia kwa heshima ileile ya chuoni, na heshima hiyo ilimfanya Mektrida ashindwe kuanza. Alipoweza kuanza, alieleza picha, waya, namba ndogo. Hakuliacha hata lile swali la kufuta.

Violet alifuta udongo kwenye jembe kwa kidole. "Kwa hiyo sikufeli."

"Hukufeli, mwanangu. Wewe ulikuwa wa kwanza."

"Nilikuwa nimeanza kuamini." Alilichomeka jembe ardhini. "Nitaomba tena, lakini nitaleta barua chuoni mwenyewe na nitakaa hapo mpaka niione imetoka. Na kitu kingine, mama. Baba alinisema mbele ya watu. Wewe umekuja kuniambia mimi hapa, peke yangu."

Mektrida alielewa anachotakiwa kufanya.

Jumapili baada ya Misa, majirani walikusanyika nyumbani kwa Basili kunywa mbege, pombe ya ndizi, kama kawaida. Violet alikuwa amerudi. Alisimama karibu na mlango wa jikoni. Mektrida aliingia uani akiwa bado na nguo za kanisani, na watu kumi na wanne aliowajua kwa majina wakanyamaza.

"Maombi ya Violet hayakutumwa kwa sababu yangu," alisema. "Mashine iliharibika, nikaficha, kwa sababu sikutaka watu wajue siielewi. Kisha nikamwambia baba yake kwamba binti ndiye aliyeshindwa. Ni uongo. Cheti chake ni cha halali, nilikichapa mwenyewe."

Mtu mmoja alikohoa. Basili alikuwa ameweka kibuyu chini, na hakumtazama Mektrida. Alivuka ua hadi alipo binti yake.

"Nisamehe, mama," alimwambia Violet, mbele ya wote. Violet aliinamisha kichwa, akafunika uso kwa kanga.

Mektrida alibaki katikati ya ua. Hakujua kama aondoke au aseme kingine, na hakuna aliyemsaidia kujua. Baadaye mama yake Violet alitoka jikoni na kigoda, akakiweka chini ya mgomba, mbali kidogo na wengine.

"Keti, Mama Julius," alisema.

Akaketi. Hakuletewa mbege, naye hakuitarajia. Alikaa hapo na mikono mapajani mpaka watu walipoanza kuzungumza tena.