Mzimu Aliyekataa Kuku

Mimi husoma sheria, matangazo ya kodi na gazeti. Hadithi nimewaachia watoto tangu nilipojifundisha kusoma mwenyewe, kule Mbuba, kwa makaa juu ya ubao wa sanduku. Basi nilikasirika sana, siku yangu ya tano mahabusu hapa Biharamulo, Semeni, mke wa askari Sabiti, aliponipitishia dirishani kitabu chenye picha ya mtoto anayetoka kisimani.

"Gazeti langu liko wapi, dada?"

"Nimelifungia karanga. Hicho cha binti yangu Pili. Usikichafue, atanililia."

"Mambo ya mizimu haya!"

"Basi tazama ukuta, kaka. Ukuta hauna mizimu."

Nikakifungua ili nikidharau. Mtoto aliyekufa anatoka kisimani kila siku ya gulio, maji yanamchuruzika, anaingia uani kwa mtemi kudai mbuzi wake aliyeporwa. Mtemi anampa kuku. Anakataa. Anampa ng'ombe. Anakataa. Waganga wanamfukiza; anapiga chafya, anauliza tena, "Mbuzi wangu yuko wapi?" Nilicheka mpaka Sabiti mwenyewe akaja kuchungulia kama nimerukwa na akili. Ukurasa wa chafya niliurudia mara tatu. Nilizoea kusoma nikiwa nimekunja uso. Siku hiyo nilisoma kama mtu anayekula embe.

Maana na mimi sisahau. Mwaka 1916 Wabelgiji walimchukua baba upagazi, hakurudi, na hakuna aliyeandika popote kwamba alikufa. Mwaka huu, 1931, Pancras wa Kibimba alianguka na mzigo wa serikali kichwani. Nilimzika kwa mikono yangu. Daftarini makarani wakaandika: ametoroka. Mjane wake, Bonifasia, anaitwa mke wa mtoro. Niliandika barua kupinga, ndiyo iliyonifunga.

Jioni akaja karani Gozbert na karatasi na wino wa kidole.

"Imeandikwa kwamba ulidanganya, Pancras alitoroka. Bonyeza hapa, Bwana Audax, kesho unakula ndizi kwako. Mkeo Domisiana si yu karibu kujifungua?"

Hapo alinipata. Domisiana alikuwa amebakiza wiki mbili, na mtoto wa kwanza tulimpoteza mimi nikiwa safarini. Nikainamia kitabu kilichokuwa mapajani.

"Mtu mzima unasoma vitabu vya watoto," akacheka. "Huoni haya?"

"Sioni. Na ni kitamu. Kidole cha nini? Mimi najua kuandika. Nipe kalamu."

Akanipa upesi, akidhani nimelegea. Nikakata maneno yake yote kwa mstari mmoja, nikaandika chini: *Pancras alikufa barabarani chini ya mzigo. Mimi Audax nilimzika.* Nikatia jina langu.

"Mwezi mmoja zaidi!" akafoka, akaichana karatasi.

Nikamwomba Sabiti, aliyesimama mlangoni, amtume mtu kwa dada yangu, akakae na Domisiana mpaka ajifungue. Kisha nikamgeukia karani.

"Lete karatasi nyingine. Kalamu bado ninayo."