Mgonjwa wa Mtihani

Absalom alijua mifupa yote ya mwanadamu na dawa zote za kabatini, ila kuzungumza na mgonjwa kulimshinda. Mtihani wa mazungumzo alikuwa ameanguka mara mbili. Akianguka tena, chuo cha matabibu kingemrudisha kwao Vihiga, ambako mamake alikwisha kulitangazia kanisa zima kwamba anasomesha daktari.

Mtihani wa safari hii, mwaka ule wa 1993, aliubuni Mwalimu Philister. Aliamini kwamba mtu haumwi kiungo peke yake, anaumwa pamoja na nyumba yake, jirani zake na wakwe zake. Kwa hiyo alimchukua jirani yake wa mtaa wa Timbwani, Mwanatabu, muuza mahamri, akamfunza kuwa mgonjwa. Wiki nzima walikaa barazani wakifanya mazoezi. Mwanatabu angelalamika kichwa, na mwanafunzi hodari angegundua kwamba kiini chake ni mume baharia asiyeleta habari. Mume wa kweli wa Mwanatabu alikuwa nyumbani kalala, na hakupata kupanda chombo chochote isipokuwa feri.

Siku ilipofika, wenzake Absalom waliingia chumba cha zahanati mmoja mmoja, wakatoka wakicheka. Kumgundua baharia hakukuwa kazi kubwa. Mwisho walitakiwa waulize, "Je, kuna lingine?" kisha waage, nao waliuliza huku mkono uko kwenye kitasa cha mlango.

Absalom aliingia wa mwisho, kola imelowa jasho. Philister alikuwa ameketi pembeni na karatasi yake ya alama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu," alisema mgonjwa.

Kichwa kikatajwa, baharia akapatikana. "Je, kuna lingine?" Absalom aliuliza, kisha akili ikamruka. Alisahau kwamba hilo ndilo swali la mwisho, akawa analitafuta linalofuata. Akakaa kimya, mikono magotini, anamkodolea macho mama wa watu. Feri ikapiga honi kule kivukoni. Mwanatabu naye akamtazama, akaliweka sawa buibui lake.

"Lipo," akasema. "N'na kivimbe hapa, kwenye ziwa la kushoto. Tangu Ramadhani. Hakiumi, lakini chakua."

"Hilo halimo, Mwanatabu," Philister alisema kutoka pembeni.

"Najua halimo. Hilo ni langu."

Philister aliweka karatasi chini. Hakuwa mtu wa kubadilika uso ovyo, lakini sasa ulimbadilika, na Absalom aliona uchungu kumtazama.

"Wiki nzima tuko sote barazani. Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza, mwalimu. Ulikuwa wanifunza kuumwa. Kila nikitaka kukwambia, waniambia turudie mwanzo."

Philister aliinuka. Alifunga mlango, akamwambia Absalom ageukie ukutani, akampima jirani yake kwa vidole. Alipima kwa muda mrefu kuliko Absalom alivyopenda.

"Jumatatu asubuhi uende hospitali ng'ambo ya kivuko," alisema mwishowe. "Wakipime vizuri, wasikikawize."

"N'taenda, inshallah. Lakini peke yangu siendi, naogopa. Nataka nende na huyu kijana, maana ajua kumngoja mtu aseme."

Philister alimgeukia Absalom. "Na ulinyamaza kwa nini?"

Jibu la kitabuni Absalom alilijua: alimpa mgonjwa nafasi. Lilikuwa na alama nyingi.

"Nilisahau, mwalimu. Nilidhani kuna swali jingine."

"Basi mtihani hukuumaliza, hata kuaga hukuaga," alisema Philister. "Utarudia Jumatatu asubuhi, kwa mgonjwa mwingine. Mchana wake napeleka matokeo chuoni, na baada ya hapo sina la kukusaidia."

Absalom alimfikiria mamake. Kisha akamwangalia Mwanatabu, aliyekuwa akifunga vifungo vya gauni lake polepole, kimoja kikimponyoka kila mara.

"Jumatatu sitaweza, mwalimu," alisema. "Nina mgonjwa."